Pua ya Editha na Mvinyo wa Renzo

Jumapili, Novemba

Mvua imeanza kabla watu hawajaenda kanisani na haionyeshi dalili ya kukatika. Kutoka hapa Mkuyuni ziwa halionekani. Pale linapokuwa siku zote kuna weupe mtupu. Editha amekwenda misa ya kwanza na mtoto, wamejibana chini ya mwavuli mmoja. Mimi nimesema kichwa kinauma. Hakuuliza kinauma upande gani.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo na sasa nalitazama. Siku zote nimekuwa nikisema wivu ni maradhi ya watu wasio na kazi. Mimi kazi ninayo. Nafundisha jiografia sekondari, vipindi vimejaa, madaftari ya kusahihisha yamelundikana mpaka kwenye kochi. Hata hivyo, wiki hizi zote sikuwa na nafasi ya kufikiria kitu kingine.

Mtu ninayemwonea wivu anaitwa Renzo. Ni Mtaliano, ananunua minofu ya sangara kutoka kiwanda anachofanyia kazi mke wangu. Tangu biashara iachiwe huru, mji wetu umejaa watu wa namna yake. Wanafika, wanalala hoteli za Capri Point, wanakagua, wanaagiza, na ndege ya mizigo inapaa na samaki wetu. Huyu ni wa umri wangu, ana nywele nyingi kuliko zangu, na amejifunza Kiswahili cha kuokoteza ambacho kila mtu anakisifia.

Editha ni mkaguzi wa ubora. Ukiiondolea kazi hiyo maneno makubwa, ni kazi ya kunusa. Samaki wakishushwa, yeye ndiye anayefunua mashavu yao, anainama, anavuta pumzi, anasema huyu apite, huyu arudi. Vipimo vya maabara vinakuja baadaye, na mara nyingi vinasema alichokwisha kusema yeye. Nilizoea kumtania mbele ya wageni kwamba mke wangu analipwa kwa pua. Wageni walicheka. Yeye pia alicheka, au nilidhani anacheka.

Mwezi huu Renzo alikuja na mvinyo. Si ule wa dukani. Ni mvinyo mwekundu wa shamba la ukoo wao, huko Toskana, na kwenye karatasi ya chupa kumeandikwa jina la bibi yake mzaa baba. Aliufungua kiwandani, chakula cha mchana, akawamiminia wote waliokuwapo. Wengine walikunja uso wakasema ni mkali kama dawa ya mizizi. Editha alinusa glasi yake, akanusa tena, akamwambia kuna kitu humu kimezidi, kinawafunika wenzake.

Renzo akaweka uma chini.

Haya yote Editha alinisimulia mwenyewe jioni hiyo hapa mezani, ugali ukipoa. Alisimulia kama mtu aliyetoka safari. Kwamba mvinyo ule si wa zabibu moja, ni mchanganyiko wa zabibu za aina tatu: Merlo, Sanjovese na Kaberne. Kwamba Merlo huiva kwanza, Kaberne mwisho, na kila moja huchumwa kwa wakati wake, husindikwa peke yake na kulazwa peke yake kwenye mapipa ya mwaloni, chini ya nyumba ya mawe aliyoijenga babu. Neema, binti yetu, akauliza kama ni Mwaloni kule kwenye soko la samaki. Tukacheka, Editha akamweleza kwamba mwaloni ni mti pia. Kisha akaendelea. Wakati wa baridi ukoo mzima hukaa kwenye meza moja, hutoa kidogo kidogo kutoka kila pipa, huchanganya kwenye glasi, huonja, hugombana, huchanganya tena, mpaka wakubaliane. Aliyekuwa akimaliza ubishi ni baba yake Renzo. Baba amefariki. Sasa dada mtu anavuta huku, mjomba anavuta kule, na wateja wa zamani wameanza kusema mvinyo wa ukoo ule si ule tena.

"Unafikiri ni ile ya tatu ndiyo inayozidi?" aliniuliza. Macho yalikuwa yanang'aa.

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Mimi nimefundisha hali ya hewa ya Mediterania miaka yote ya kazi yangu. Kiangazi kikavu, mvua za wakati wa baridi, mizeituni, mizabibu. Naichora ubaoni bila kutazama kitabu. Kati ya watu wazima wawili waliokaa kwenye meza ile, aliyepaswa kuwa na la kusema kuhusu Toskana nilikuwa mimi. Na yeye alikuwa ameshafika huko kwa pua tu, akiwa amevaa gambuti nyeupe za kiwandani.

Kuanzia hapo nikaanza kumnusa.

Naona aibu kuandika. Akirudi kazini, namkumbatia kuliko kawaida, pua yangu iko shingoni mwake. Nachukua gauni lake kwenye kamba kabla halijafuliwa. Sijui nilitafuta nini. Manukato ya kiume, labda, au huo mvinyo. Mimi sina pua. Nilisikia samaki na sabuni, samaki na sabuni, kila siku.

Juzijuzi nikafanya kibaya zaidi. Niliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu wachore ramani, nikatoka shuleni, nikatembea mpaka kiwandani. Mlinzi ananijua, akanisalimia, nikasema nimepita tu. Kupitia wavu nikawaona kwenye gati. Editha ameshika sangara mkubwa, amefunua shavu lake, na Renzo ameinama karibu. Akanusa, akasema kitu. Editha akacheka akiwa amerudisha kichwa nyuma.

Hawakugusana. Kama wangegusana ningejua la kufanya. Ningeingia, ningepiga kelele, mji mzima ungekuwa upande wangu. Lakini utamshtaki mtu kwa kosa gani, kwamba amemchekesha mkeo kwa samaki?

Alhamisi Editha akaniambia, huku anachambua mchele na hajaniinulia uso, "Baba Neema, nimemkaribisha Renzo Jumamosi, chakula cha mchana. Aje akuone na wewe umwone. Kuliko uendelee kuninusa."

Niliinuka nikaenda kutazama kama kuku wamefungiwa.

Basi jana akaja. Alikuja na chupa nzima na chupa nyingine tatu ndogo kama za dawa ya kikohozi, amezifungia kwenye taulo. Editha alikuwa amepika ndizi kwa sato, na zile senene, panzi wa kukaanga ambao mama yake ametuma kwa meli kutoka Bukoba, maana ndio msimu wao. Nilitegemea mgeni atazikimbia senene. Alizila kama karanga. Akanywa funda la mvinyo juu yake, akafumba macho.

"Mama Neema," akasema, "hii na hii ni marafiki."

Neema alicheka mpaka akapaliwa. Wote walicheka. Nilihisi kama mimi ndiye mgeni niliyealikwa.

Nikaonja mvinyo wao. Nasema kweli: ulikuwa mchachu, ulikausha ulimi, ulinikumbusha ukwaju uliosahauliwa kwenye maji. Renzo akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, unasikia nini ndani?"

"Nasikia pombe," nikajibu.

Yeye alitabasamu. Editha hakutabasamu.

Halafu Renzo akazipanga zile chupa ndogo mezani. Akaeleza kwamba ni mvinyo wa msimu uliopita, kila zabibu peke yake, bado haujachanganywa. Dada yake alimpa azibebe, naye huzibeba kila anakokwenda. Editha akainuka, akaleta kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya Neema, akaleta glasi zetu zote na jagi la maji. Akaanza.

Nimeishi na mke wangu muda mrefu. Nimemwona akijifungua, akizika, akipokea habari za kupata kazi, akilala na homa. Nilidhani nyuso zake zote nazijua. Uso wa jana sikuwahi kuuona. Alimimina, akanusa, akatikisa kichwa. Akaongeza tone. Akasukutua mdomo kwa maji, akatazama ukuta, na najua hakuuona ukuta. Neema alimuuliza kitu, hakusikia. Mimi nilikohoa makusudi, hakusikia. Alikuwa mzuri namna ambayo haikunihusu.

Mwishowe akasukuma glasi moja mbele ya Renzo. "Punguzeni ile ya tatu," akasema. "Inaongea peke yake. Na hii ya katikati msiiogope, iacheni ibebe wenzake."

Renzo akanywa. Alikaa nayo mdomoni kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake kile, "Huyu ni karibu na baba."

Ndipo akanigeukia mimi. Si Editha, mimi. Februari kiwanda kinawapeleka wakaguzi Italia kwa mafunzo, kwa sababu wanunuzi wamekaza masharti ya samaki. Hilo nililijua, na jina la Editha limo. Sasa Renzo alikuwa anaomba kwamba mafunzo yakiisha, mama Neema akae siku chache shambani kwao, na dada yake na mjomba wake, kwenye ile meza. Alikunja mikono kifuani alipokuwa anaomba, kama mtu anayeposa.

Nikamwambia, "Mke wangu si mbwa wa kunusa."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Hayana upande mzuri.

Sijui kama Renzo aliyaelewa maneno yote, lakini uso wangu aliuelewa. Editha alichukua kile kikombe cha plastiki, akaenda nacho nje bombani, akakiosha muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Mgeni akashukuru kwa chakula, akamshika Neema kichwani, akaondoka. Zile chupa ndogo aliziacha.

Nilimsubiri Editha anifokee. Alikusanya vyombo. Alipofika mlangoni akasimama.

"Mwalimu," akasema. Nyumbani hajawahi kuniita hivyo, hata siku moja. "Yeye amekuomba kwa sababu ya adabu. Mimi sikukuomba ruhusa. Nimekaa hapa wiki zote hizi nasubiri uniulize swali moja tu."

"Swali gani?"

"Hata hilo unaniuliza mimi," akasema, akaingia ndani.

Basi haya ndiyo niliyonayo asubuhi hii. Mvua, kichwa kisichouma, na chupa tatu mezani. Nimezifungua zote. Nimenusa moja baada ya nyingine mpaka nikapata kizunguzungu. Zote zinanuka sawa.

Nadhani sasa najua swali lenyewe. Na nikisema ukweli mpaka mwisho, Renzo nimemsingizia. Ninayemwonea wivu ni mke wangu. Ana chumba ndani yake ambacho mimi sina, amekuwa nacho siku zote, na nilipita mlangoni pake miaka yote nikifanya mzaha. Akaja mtu wa mbali akabisha hodi.

Huko kwetu Magu baba alilima pamba maisha yake yote, na mama alipalilia kila mstari. Hakuna aliyewahi kuandika jina la mama kwenye gunia. Babu yake Renzo aliandika jina la mkewe kwenye kila chupa iliyotoka shambani kwake. Hilo nalo linaniuma, ingawa babu huyo na mkewe wamekufa na hawanijui.

Nasikia mlango wa uani. Wamerudi.

Jioni

Mvua imekatika. Naendelea hapa kwa sababu nisipoandika leo, kesho nitajipamba.

Walipoingia, Editha alimvua Neema viatu vilivyolowa, akaniona nimekaa na zile chupa. Alifikiri ninataka kuzimwaga. Nilimwona akipima umbali kati yangu na dirisha.

Nikamuuliza, "Unasikia nini humu?"

Alisimama hapohapo na kiatu cha mtoto mkononi. Nilifikiri atasema nimechelewa. Akavuta kiti. Akachukua chupa ya kwanza, akanipitishia chini ya pua, akaniambia nifumbe macho. Hii, akasema, ni ndizi iliyoivia shimoni, siku unapofunua majani, ule mvuke wa kwanza kabla haijakamuliwa kuwa rubisi, ile pombe ya ndizi. Hii ya pili ni udongo wa njiani, wakati wa matone ya kwanza, na chini yake kuna ngozi, kama mkanda wa babu. Hii ya tatu ni majani mabichi yaliyokatwa na penseli iliyochongwa. Alisema alipokuwa mdogo mama yake alimtuma kunusa mitungi ya pombe kwa jirani na kuja kueleza ni ndizi gani wametumia. Alidhani watoto wote wanaweza. Alipogundua hawawezi alinyamaza, akaogopa wataona ni uchawi.

Hilo sikulijua. Tumezaa mtoto pamoja, na hilo sikulijua.

"Umesikia?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. "Sijasikia chochote," nikasema.

Akacheka kidogo, ndani kwa ndani, kama mtu ambaye hajaamua kusamehe lakini kimemchekesha.

Mchana nikaenda Capri Point. Sikumwambia ninakokwenda. Renzo alikuwa amekaa barazani hotelini, sanduku lake liko tayari, anaondoka kesho. Aliponiona alisimama haraka, nadhani alijiandaa kwa ngumi. Nikamwomba radhi. Niliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili isiwepo nafasi ya kutoelewa. Nikasema Editha atakwenda popote anapotaka kwenda, na kwamba hilo halikuwa langu kulitoa.

Akaagiza bia mbili. Si mvinyo, bia. Tukanywa tukitazama ziwa na yale mawe yake. Kisha nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua: kama yeye ni mwana wa nyumba ile, kwa nini hakai yeye kwenye ile meza akamaliza ubishi wa dada na mjomba?

Alizungusha chupa yake mezani.

"Mwalimu, mimi sisikii kitu," akasema.

Nilidhani hajapata neno. Akaigusa pua yake, akatikisa kidole. Tangu utotoni. Kwake mvinyo wa ukoo na mvinyo wa dukani ni kitu kimoja, kichachu na chekundu. Baba yake alimjaribu kila mwaka, akimwekea glasi mbele ya watu wote, na kila mwaka yeye alibuni maneno. Mwaka mmoja baba akamwambia mezani, kwa upole, ndugu wote wakisikia, kwamba labda akauze kitu kingine. Ndiyo maana anauza samaki. Dada yake humpa zile chupa ndogo kila msimu ili asijione ametengwa, naye huzibeba dunia nzima, anazifungua hotelini peke yake, anajaribu.

"Jana, nikasema karibu na baba," akasema. "Sikusikia baba. Niliona uso wa mama Neema. Baba alikuwa na uso ule."

Tukagonganisha chupa. Tulikaa pale, wanaume wawili wasio na pua, mpaka bia zikaisha.

Nimefika nyumbani Editha anakuna nazi. Nimemweleza yote: kwamba nimeomba radhi, kwamba anatarajiwa Februari, na kwamba yule bwana hana uwezo wa kutofautisha mvinyo na siki.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Siku ya kwanza kabisa. Alifumba macho kabla glasi haijafika mdomoni. Ndiyo maana nikamsaidia. Nilimwonea huruma."

Nikasimama pale na shati limelowa. Swali likanitoka kabla sijalipima. "Na mimi je? Mimi pia umenionea huruma?"

Aliacha kukuna. Akanitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Wewe? Wewe sikukuonea huruma hata kidogo," akasema. "Wewe nilikukasirikia. Na bado nimekasirika. Vua hilo shati."

Nimelivua. Nimekaa hapa kwenye kochi, madaftari ubavuni, na namsikia jikoni akigonga vyombo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Atakwenda Februari. Atakaa kwenye meza ya watu nisiowajua, watamsikiliza, watanyamaza akinusa, na mimi nitakuwa hapa nikisuka nywele za mtoto vibaya. Wivu haujaondoka. Ninauona, umekaa kwenye kiti cha pili kama mpangaji.

Lakini huruma ameigawa kwa mgeni. Hasira ameniwekea mimi, na hiyo sitaki kumgawia mtu.